Mfupa ni Ghala: Mwongozo wa Kulinda Mifupa ya Mtu Mzima Dhidi ya Sumu za Mazingira Mombasa

Nyuma ya jikoni kwetu Mtongwe palikuwa na mafiga matatu yasiyopikiwa chakula. Baba alikuwa mvuvi wa mshipi, na chubwi za dukani zilimshinda bei. Akipata betri kuukuu ya gari huipasua kwa shoka, akatoa sahani za ndani, akaziyeyusha kwenye kopo la rangi lililokatwa mdomo. Risasi, ile metali nzito inayoitwa "lead" kwa Kiingereza, ikishayeyuka hung'aa kama kioo, kisha juu yake hutanda ngozi ya kijivu. Kuikwangua ngozi ile kwa kijiti cha mnazi ilikuwa kazi yetu sisi watoto. Baba humimina kwenye kalibu ya mti, chubwi zikipoa tunazihesabu, na zile ndogo huko baharini huzibana kwenye mshipi kwa meno.

Mama alikuwa akipika hatua nne kutoka hapo. Alipofika miaka 61 aliteleza uani, akajiegemeza kwa mkono, kifundo kikavunjika. Siwezi kusema mfupa ule ulivunjwa na risasi. Mwanamke wa umri huo ana sababu nyingi za mfupa kuvunjika. Ila katika safari zote tulizompeleka hospitalini aliulizwa kama anakunywa maziwa na kama ana kisukari, wala hakuna aliyeuliza kuhusu mafiga yale, na sisi hatukujua kwamba ni jambo la kusema. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu.

Kwanza elewa kinachotokea ndani

Mfupa unaonekana mkavu kama jiwe lakini ni nyama hai. Kila siku kuna chembe zinazoumega na nyingine zinazoujenga upya, na mwili huutumia kama ghala la kalsiamu: ikizidi kwenye damu huwekwa, ikipungua hutolewa. Risasi hujifanya kalsiamu. Mwili hauitambui, huipokea na kuiweka ghalani. Kwa mtu mzima, zaidi ya asilimia 90 ya risasi yote iliyomo mwilini imo kwenye mifupa. Ile ya kwenye damu hupungua nusu kwa muda wa mwezi hivi. Ya mfupani hukaa miaka, hata zaidi ya 20.

Na haikai bure. Huzidhoofisha chembe zinazojenga, na huivuruga figo isikamilishe kazi ya kuifanya vitamini D itumike. Kisha huja siku ghala linapofunguliwa: ujauzito, kunyonyesha, kulazwa kitandani wiki nyingi, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na zaidi ya yote miaka ya kukoma hedhi, mfupa unapomegwa kwa kasi. Hapo risasi uliyoivuta ukiwa na miaka 20 hurudi kwenye damu ukiwa na 50, ikapandisha presha na kuichosha figo.

Kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, ina njia yake. Yenyewe hushika figo, na figo ikiharibika humwaga madini ya mifupa kwenye mkojo. Dunia ililijua hilo kwa uchungu kutoka mkoa wa Toyama, Japani, ambako maji ya mto Jinzu yaliyobeba taka za mgodi yalinyweshwa mashamba ya mpunga. Wanawake wa makamo walivunjika mifupa kwa kugeuka tu kitandani. Ugonjwa ukaitwa itai-itai, maana yake "inauma, inauma", na serikali ya Japani ikakiri chanzo chake mwaka 1968.

Floraidi, madini yanayopatikana kwenye maji ya baadhi ya maeneo, ni ya tatu. Ikizidi kwa miaka mingi mfupa huwa mzito lakini mbovu, viungo hukakamaa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Hilo ni tatizo la Bonde la Ufa kuliko la Pwani, lakini magadi, ambayo hubeba floraidi, husafiri. Ukiwa na desturi ya kutia magadi kwenye kila chungu cha kunde na mboga ili ziive upesi, punguza. Loweka kunde usiku kucha badala yake.

Hatua ya kwanza: andika historia yako

Chukua daftari. Andika kila mahali ulipoishi tangu utoto na kila kazi uliyofanya, hata ya miezi mitatu, hata ambayo haikuwa yako bali ya mumeo, maana nguo za kazi hurudi nyumbani. Karibu na kila mstari jibu haya: palikuwa na betri zinazopasuliwa au kuchajiwa? Kulikuwa na kulehemu, hasa rejeta? Kukwangua rangi za vyombo au meli? Kuchoma nyaya ili kupata shaba? Kuyeyusha vyuma kuukuu kwa ajili ya sufuria? Jaa la taka lililokuwa likifuka moshi jirani?

Waliokaa karibu na jaa la Kibarani kabla halijafungwa waliandike hilo. Waliokaa Owino Uhuru, Mikindani, waliandike kwa herufi kubwa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi ukutani mwa kijiji kile tangu 2007 hadi 2014. Phyllis Omido, aliyeanzisha mapambano baada ya mtoto wake mwenyewe kukutwa na risasi, alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Kila nikisoma habari hizo naona watoto wakitajwa, na ni haki watajwe. Lakini mwanamke aliyekuwa na miaka 35 kiwanda kilipofungwa, leo anakaribia umri wa ghala kufunguka. Huyo naye ana haki ya kujua.

Hatua ya pili: ziba milango ya nyumbani

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Sumu haiingii mfupani yenyewe, hupita mdomoni na puani, na milango hiyo iko mikononi mwetu.

Anza jikoni. Sufuria nzito zinazomiminwa kwa vyuma mchanganyiko, zile zenye kuta nene na vitundu vidogo vidogo ndani, zimepimwa katika nchi kadhaa za Afrika zikakutwa zinatoa risasi kwenye chakula. Sababu ni kwamba anayeyeyusha hutia chochote: injini, rejeta, makopo. Asidi ndiyo huzidisha. Mchuzi wa ukwaju, nyanya, samaki wa kupaka aliyekamuliwa ndimu, achari ya maembe: vyote hivyo usivipike wala kuvilaza humo. Tumia chuma cha pua, au chungu cha udongo kisichopakwa rangi ndani. Na jambo moja ambalo kina mama watanipinga: acha kusugua ndani ya sufuria ya alumini kwa mchanga na jivu mpaka uone uso wako. Najua ni fahari, shangazi zangu walipimana usafi kwa mng'ao huo. Lakini ule weusi mwepesi wa ndani ni ngao. Ukiuondoa, chuma kipya hukutana na chakula kila siku.

Kisha manjano. Huko Bangladesh iligunduliwa kwamba wafanyabiashara walikuwa wakipaka mizizi ya manjano rangi yenye risasi ili ing'ae, na mwaka 2019 matokeo ya uchunguzi huo yalipotangazwa serikali yao iliingia sokoni kupambana nayo. Viungo husafiri baharini na Mombasa ni bandari. Ukiwa Marikiti usivutwe na manjano yenye rangi kali kama koti la mfanyakazi wa barabarani. Nunua mizizi yenye vumbi na ngozi yake iliyokunjamana, uioshe mwenyewe, uianike na kuitwanga au uipeleke kusagwa mbele ya macho yako. Mzizi uliong'arishwa hauna faida juu ya uliosagwa, maana rangi hupakwa mzizini.

Wanja wa mawe, ule wa kung'aa kijivu unaoletwa na wasafiri, mara nyingi ni madini ya risasi yenyewe. Katika vipimo vya nchi mbalimbali umekutwa na risasi zaidi ya nusu ya uzito wake. Machoni hauingii sana, ila vidole huupeleka mdomoni, na mtoto aliyepakwa hujifuta kisha akanyonya kidole. Achana nao. Wa masizi tupu hupendeza vilevile.

Udongo wa kula, ambao wengine huuita odowa, huuzwa sokoni kwa wajawazito. Humaliza hamu lakini hubeba risasi, na vilevile huyashika madini ya chuma tumboni yasifike kwenye damu. Hamu hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu. Mwambie muuguzi wa kliniki bila haya, upimwe, upewe vidonge.

Maji ni mlango wa kero kwetu kwa sababu hayatoki kila siku, kwa hiyo tunayaweka. Mtungi wa lita 20 uliokuwa na kemikali, rangi au mafuta ya mashine hauoshwi ukawa safi. Plastiki hunywa na hutoa. Nunua wa mafuta ya kupikia. Ikiwa nyumba ina mabomba ya chuma ya zamani au koki za shaba nyeupe, maji yaliyolala usiku yasiwe ya kupikia. Yatumie chooni au kufua, kisha kinga yale yanayofuata. Na tafadhali: kuchemsha huua vijidudu tu. Risasi na floraidi hazichemki zikatoka. Maji yakipungua kwenye birika, zenyewe hubaki nyingi zaidi kwa kila kikombe.

Nyumba za Mji wa Kale na nyingine za enzi za ukoloni zina rangi juu ya rangi. Usiipige msasa mkavu. Lowesha, kwangua ikiwa mbichi, tandika turubai chini, watoto na wajawazito wasiwemo. Vumbi la ndani lifutwe kwa kitambaa cha maji. Ufagio wa chelewa juu ya sakafu kavu hurusha lile jembamba hewani, nawe ukalivuta.

Sigara inahitaji sentensi chache tu. Jani la tumbaku hukusanya kadimiamu kutoka ardhini, na mvutaji huwa na takriban mara mbili ya asiyevuta. Shisha, licha ya kupigwa marufuku Kenya Desemba 2017, ni tumbaku ileile. Anayevuta ndani ya nyumba anawagawia wote.

Hatua ya tatu: kazini

Kwa fundi wa betri, wa rejeta, mkwangua rangi, na mvuvi anayejimiminia chubwi kama marehemu baba: usiyeyushe uani kwako. Ikibidi iwe mahali pa wazi, upepo ukiwa mgongoni, mbali na nyumba. Kitambaa puani hakizuii moshi wa risasi. Inatakiwa barakoa yenye vichujio vya moshi wa metali. Chubwi banwa kwa koleo, kamwe si kwa meno. Nguo na viatu vya kazi vibaki kazini au vifungwe kwenye mfuko wao, vifuliwe peke yake, na maji yake yasimwagwe kwenye bustani ya mboga. Oga na osha nywele kabla ya kumbeba mtoto.

Chakula na risasi vina siri ambayo wengi hawaijui. Mtu mzima aliyekula hufyonza sehemu ndogo tu ya risasi aliyoimeza, pengine chini ya asilimia 10. Aliye na njaa anaweza kufyonza zaidi ya nusu. Kwa hiyo usiingie karakana tumbo tupu. Mwezi wa Ramadhani, anayefunga na kazi yake ni hii asiiache daku, na daku iwe na maziwa au mtindi. Akiweza abadilishane zamu na mwenzake afanye kazi isiyo na vumbi. Kabla ya kufuturu aoshe mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, anawe uso na asukutue, ndipo ashike tende.

Aliyeajiriwa ajue kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga bila kumkata mfanyakazi mshahara. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka huohuo inahesabu pia magonjwa yatokanayo na kazi. Omba kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, upate ushahidi.

Hatua ya nne: pima

Nenda na lile daftari. Katika Hospitali ya Rufaa ya Pwani au kwa daktari wako, usiseme "naumwa mifupa" peke yake. Sema: "Daktari, nimefanya kazi ya betri miaka sita, naomba kipimo cha risasi kwenye damu na figo zangu ziangaliwe." Sentensi hiyo hubadilisha mazungumzo yote.

Damu itolewe kwenye mshipa wa mkono baada ya kuosha ngozi vizuri. Ya kuchomwa kidoleni huchafuliwa kirahisi na vumbi lililoko kwenye kidole, hasa kwa fundi. Uliza maabara kabla, maana si kila moja hufanya kipimo hiki na kinahitaji chupa maalumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama, na mtu akifikia mikrogramu 5 kwa desilita chanzo kitafutwe na kiondolewe. Elewa pia mpaka wa kipimo: kinaonyesha ulichovuta karibuni na kinachovuja kutoka mfupani. Hakihesabu kilichomo ghalani. Majibu madogo kwa mtu aliyeacha kazi hiyo miaka 15 iliyopita hayafuti daftari lake.

Kadimiamu hupimwa kwenye mkojo. Pamoja nayo omba kreatinini (kipimo cha figo), kalsiamu, fosfeti na vitamini D. Uimara wa mifupa wenyewe hupimwa kwa skani ya DEXA. Majibu yake huja kwa namba: kuanzia kasoro 1 (yaani -1) kwenda juu ni sawa, kati ya kasoro 1 na kasoro 2.5 mfupa umepungua, kasoro 2.5 na chini yake ni mfupa dhaifu unaohitaji dawa. Skani ni ghali na si ya kila mtu. Ningeitanguliza kwa mwanamke aliyekoma hedhi mwenye historia ya sumu, kwa mwanamume aliyevuka 65, na kwa yeyote aliyevunjika mfupa kwa kuanguka kidogo.

Ukitilia shaka maji au kiungo, ofisi ya Mkemia wa Serikali ina tawi hapa mjini. Piga simu kwanza uulize ada na namna ya kubeba sampuli.

Hatua ya tano: lijaze ghala kwa kilicho chema

Kalsiamu ikiwepo ya kutosha tumboni, risasi hukosa nafasi. Madini ya chuma yakiwepo, kadimiamu hukosa nafasi; ndiyo sababu wanawake wenye upungufu wa damu huikusanya kuliko wanaume. Mtu mzima anahitaji miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, mwanamke aliyevuka 50 anahitaji 1,200. Glasi ya robo lita ya maziwa au mtindi hutoa karibu 300. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana nyingi. Sukuma wiki hutoa vizuri, mchicha haufiki hapo kwa sababu kalsiamu yake imefungwa na asidi iliyomo kwenye jani lenyewe. Vibua huongeza vitamini D. Kina mama wanaovaa buibui nje waketi uani na leso, mikono na miguu wazi, dakika 20 hivi mara kadhaa kwa wiki. Jua la Mombasa ni kali lakini halipenyi kitambaa.

Vidonge vya kalsiamu vinafaa kwa asiyekunywa maziwa, na kwa mjamzito mwenye historia ya risasi daktari huweza kuviagiza ili kumlinda mtoto. Epuka vile vya unga wa mifupa ya wanyama, kwani mifupa hiyo nayo iliweka akiba yake. Na creamu za kuchubua ngozi zinazochanganywa vichochoroni: nyingi zina steroidi, nyingine zebaki. Steroidi ikiingia mwilini kwa miaka hula mfupa moja kwa moja.

Kisha tembea. Mfupa usiobebeshwa uzito humegwa. Nusu saa asubuhi njia ya Mama Ngina, au kupanda na kushuka kwenda feri badala ya kungoja tuktuk, inatosha kuanzia.

Hatua ya sita: majibu yakiwa mabaya

Tiba ya kwanza ni kuondoka kwenye chanzo, na kwa wengi ndiyo tiba yenyewe. Dawa za kuvuta risasi kutoka kwenye damu zipo, hutolewa kwa waliopita viwango vikubwa, na ni za hospitali. Anayekuuzia maji ya "kutoa sumu" mtaani hana kitu. Hata dawa halisi haifagii ghala: damu hushuka, kisha mfupa humimina tena, namba ikapanda wiki chache baadaye. Usikate tamaa ukiona hivyo, wala usidhani daktari amekosea. Rudia kipimo kwa ratiba atakayokupa, na wapimwe wote mnaoishi nyumba moja, wajawazito na watoto wakitangulia.

Karatasi zote, daftari, majibu na picha za mfupa, zitie kwenye bahasha moja uandike tarehe juu. Mama ameitia yake sandukuni chini ya leso za arusi. Ukiwa na miaka 38 leo, bahasha hiyo utaihitaji zaidi ukifika 50, mbele ya daktari ambaye pengine bado hajamaliza shule. Atakuuliza kuhusu maziwa na kisukari. Mjibu, kisha uifungue.